Mzigo Mwepesi, Njia Ndefu

Hiki ni kisa cha kuwafundishia mafundi. Fundi mmoja kijana wa Kanyenye, mjini Tabora, aliitwa na chama cha wakulima wa tumbaku. Ofisini mlikuwa na vituo visivyo na diski: monita, kibodi, kipanya na kikasha kidogo cha kuviunganisha na mtandao tu. Programu zote ziliendeshwa na seva ya Dar es Salaam, kwa intaneti ya setilaiti. Makarani walilalamika kwamba ukibonyeza herufi, unakaa kuisubiri.

Fundi akaona mzigo wa data ni mzito. Akafungua mipangilio ya VNC, programu iliyoleta picha ya skrini kutoka kwenye seva, akapandisha ubanaji hadi mwisho na kushusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Kurasa zikafunguka upesi zaidi. Herufi ikachelewa vilevile.

Isingeweza kuwahi. Setilaiti ile iko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Herufi hupanda na kushuka kufika kwenye seva, kisha picha yake hupanda na kushuka kurudi: karibu nusu sekunde, hata kwa kasi ya nuru. Ni kama msafara wa mpelelezi Stanley wa 1871: ulitembea karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora, na barua iliyokuwamo ndani yake, japo nyepesi, haikufika kabla ya wapagazi. Kubana hupunguza mzigo, hakufupishi safari. Fundi alipaswa kupima mambo mawili kwanza: njia inabeba kiasi gani kwa sekunde, na pakiti ndogo huchukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi.

Hasara kubwa ilikuwa kwingine. JPEG, njia ya kubana picha ambayo VNC ile iliitumia, hubana kwa kutupa sehemu ya picha, nayo huchafua kingo za herufi. Kwenye orodha ya mizani 8 ikasomeka 3, na robota la kilo 58 likaandikwa 53. Hilo ni jasho la mtu la msimu mzima. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha hatari mbaya zaidi: mashine za Xerox, kwa ubanaji wa aina nyingine, zilitoa nakala safi ambazo 6 imegeuka 8.

Fundi akahamia ZRLE, njia nyingine ya ubanaji ya VNC isiyopoteza chochote, akaondoa picha ya nyuma ya skrini. Baadaye seva ya hesabu ikaletwa ofisini. Humo, kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ubanaji mkali ungechosha prosesa bure, akaushusha. Kisha orodha ya msimu ikapitiwa upya, robota kwa robota, mbele ya wakulima wenye risiti.