Lina Jina, Walakini Haliendi

Somo: Ufunuo wa Yohana 3:1–6



Katika somo letu Bwana anauandikia usharika wa Sardi. Mji huo ulikuwa mji mkuu wa Lidia, nao ulisifiwa kwa dhahabu ya mfalme wake Kroeso. Ulijengwa juu ya jabali, na wenyeji wake walidhani hapana adui awezaye kupanda. Walakini karibu na mwaka 546 kabla ya Kristo askari wa Koreshi, mfalme wa Uajemi, walipanda mahali pasipolindwa, wakautwaa. Hata baada ya zaidi ya miaka 300 mji ukatwaliwa tena kwa njia iyo hiyo, kwa kuwa watu hawakujifunza. Basi Bwana anauambia usharika uliokaa katika mji huo kwamba una jina la kuwa hai, na kumbe umekufa. Tena anawaagiza wakeshe, na kuyaimarisha mambo yaliyosalia kabla hayajafa kabisa.

Neno hili nimelihubiri mara nyingi. Walakini nilikuwa sijalielewa mpaka nilipofundishwa na gari bovu lililosimama uani kwetu, Kariakoo.

Marehemu baba yetu alikuwa mchukuzi. Alikuwa na gari dogo la mizigo, Peugeot 404, ile yenye gia karibu na usukani. Alfajiri alikwenda Kivukoni kupakia samaki, na mchana alipakia nazi au mbao. Wazee wakumbuka sifa ya motokaa hizo. Ndizo zilizoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, na tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na katika 1966 na 1967 mwendeshaji alikuwa Bert Shankland, aliyekaa hapa Dar es Salaam. Baba alitusimulia habari hizo kana kwamba yeye mwenyewe alishika usukani.

Tena gari lile lilipita katika dhiki. Baada ya vita na Idi Amin ya 1978 na 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni, na vipuri vikawa adimu kama sukari na sabuni. Magari mengi mazuri yalisimama njiani kwa kukosa kitu kidogo. Gari la baba halikusimama. Alikata raba za viatu kuziba palipovuja, aliazima, alingoja, aliomba, nalo likaenda.

Baba alilala katika Bwana mwaka 2004. Ndugu yangu mkubwa, ambaye ni fundi, na aliyekuwa mkono wa kuume wa baba tangu utoto, alitaka aendelee na kazi ya gari. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha theolojia, na kichwa changu kilikuwa kimejaa maneno. Mbele ya wazee wa ukoo nikasema, Huyu tukimpa gari atalinywa. Ni kweli alikuwa akinywa pombe siku zile. Lakini sikusema kwa upendo. Nilisema ili nionekane mwenye haki. Nikaitwaa kadi ya gari na ufunguo, nikavitia katika mtoto wa meza yangu. Ndugu yangu hakujibu neno. Akahamia ng'ambo, Kigamboni. Tangu siku ile hakuikaribia tena Meza ya Bwana, maana alisema hawezi kupokea kikombe katika mikono ya watu wa namna yangu.

Gari likasimama uani miaka kumi na minane. Kuku wakataga mayai juu ya kiti chake, panya wakatafuna nyaya. Watu wa mtaa wakimwelekeza mgeni nyumba yetu walisema, Ni pale penye Peugeot. Waona, msomaji! Jina lilikuwapo, namba ilikuwapo, kadi ilikuwapo. Simba wa chapa yake bado alisimama mbele. Lakini haliendi.

Tena angalia jambo hili. Katika miaka hiyo hiyo maduka ya Gerezani, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwetu, yalijaa vipuri hata vikamwagika barazani. Gari lililoishi katika miaka ya njaa likafa katika miaka ya shibe. Halikufa kwa kukosa vipuri. Lilikufa kwa kukosa upatanisho.

Siku moja mama aliniita. Amekuwa mzee sana. Akasema, "Mwanangu, baba yenu amezikwa mara mbili. Kaburi moja liko Kinondoni, na moja hili hapa uani. Hilo la Kinondoni alichimba Mungu. Hili nani alichimba?" Sikuwa na jibu.

Hata hivyo sikumfuata ndugu yangu. Moyo wa mtu ni mdanganyifu. Nilidhani nikiliamsha gari bila yeye, mama ataridhika. Nikanunua betri mpya, nikawaita vijana wa kwaya, tukalisukuma kwa nyimbo na vigelegele. Magurudumu yakaburura mchangani wala hayakuzunguka, kwa kuwa breki zilikuwa zimeshika, na injini yenyewe ilikuwa imekwama. Tukatoka jasho, watoto wakacheka, gari likabaki pale pale. Nikakumbuka mikutano yetu mingine, ambayo twasukuma kwa sauti kuu, na Jumatatu usharika u pale pale ulipokuwa Jumamosi.

Ndipo nikashuka Kivukoni, nikapita mbele ya kanisa la Azania Front, ambalo mnara wake waangalia bandari, nikapanda pantoni. Neno la Bwana katika Mathayo 5:23–24 lilinichoma njia nzima. Yeye anamwagiza mtu aiache sadaka yake madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake. Mimi nilikuwa nimesimama madhabahuni miaka kumi na minane, na ufunguo wa ndugu yangu ulikuwa katika meza ile ile niliyoandikia hotuba zangu.

Nilimkuta chini ya gari la mtu. Nikamwambia, "Kaka, nilikukosea mbele ya wazee, tena nilikukosea mbele ya Mungu. Nisamehe." Akakaa kimya kitambo. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akauliza, "Ufunguo uko wapi?" Nikautoa mfukoni. Akautazama, wala hakuupokea. Akasema, "Uweke. Ufunguo ni wa mwisho. Kwanza tutamwaga mafuta machafu."

Alikuja kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Mimi nilikuwa mtoto wa fundi, nikishika taa na spana. Nawaandikia niliyojifunza.

Kwanza, uchafu wa zamani hutoka kabla ya kitu kipya kuingia. Alifungua nati chini ya injini, yakatoka mafuta meusi mazito, na maji pamoja nayo. Nikamwuliza, Je, hatuwezi kuongeza mapya juu yake? Akasema, Ukifanya hivyo umeharibu mapya, wala hukuponya ya zamani. Ndivyo ilivyo toba. Martin Luther, katika neno la kwanza kabisa la zile hoja zake 95 za mwaka 1517, alifundisha kwamba maisha yote ya Mkristo ni toba. Sisi twapenda kumimina baraka mpya juu ya dhambi isiyoungamwa.

Pili, kilichokwama hakipigwi nyundo. Alitoa plagi zote, akatia mafuta kidogo katika kila silinda, akafunika, akaenda zake kwao. Nikakasirika, maana nilitaka kusikia mngurumo siku ile. Jumamosi ya pili akaweka spana mbele ya injini, akaibembeleza kidogo huku na kidogo huku. Haikuenda. Akatia mafuta tena. Jumamosi ya tatu ikasogea upana wa kidole. Akaniambia, "Ungaliiwasha kwa nguvu ikiwa kavu, pistoni zingalikwaruza silinda, na injini ingalikufa kweli." Enyi wachungaji na waalimu, ni watu wangapi tumewakwaruza kwa haraka yetu! Roho Mtakatifu huingia polepole mahali palipokauka. Wakati wetu wa kungoja ndio wakati wake wa kufanya kazi.

Tatu, neema ya jana haiendeshi gari la leo. Katika tangi mlikuwa na petroli ya zamani. Ilikuwa imegeuka kama gundi, yenye harufu mbaya, nayo ilikuwa imeziba matundu madogo ya kabureta. Ilikuwa petroli njema siku iliponunuliwa. Vivyo hivyo mana iliyowekwa hata asubuhi ilitoa mabuu, kama tusomavyo katika Kutoka 16. Mkristo anayeishi kwa ubatizo wa utotoni na kipaimara cha mwaka fulani, wala hasomi Neno leo, wala haombi leo, huyo ana tangi lililojaa, walakini haliwaki.

Nne, kizuizi chaweza kuwa kidogo mno. Siku tulipotazamia kuwasha hapakuwa na cheche. Kaka akafungua platini, mahali pawili padogo panapogusana ili umeme upite. Palikuwa na kutu nyembamba, hata sikuiona mpaka aliponionyesha kwa taa. Akapasugua kwa msasa laini, na cheche ikaruka. Mimi na kaka tulikaa mji mmoja. Tulizikiana watu, tulisalimiana misibani, twakutana mkono kwa mkono. Lakini kati yetu palikuwa na ukungu mwembamba wa neno moja, na hapana kilichopita.

Tano, gari likawaka. Kwanza likakohoa, likatoa moshi mweusi, kisha likanguruma. Mama akatoka na kanga begani, akaomba kiti, akaketi, akalisikiliza kama mtu asikilizaye wimbo. Mimi nikaruka ndani nitie gia. Kaka akauzima ufunguo, akauchomoa. "Breki bado," akasema. "Gari lisilowaka halimwui mtu. Linalowaka bila breki ndilo linaloua." Majuma matatu zaidi akafungua magurudumu yote, akasafisha silinda za breki, akatafuta raba mpya Gerezani duka kwa duka, akamwaga mafuta ya breki ya zamani yaliyoingia maji. Nawasihi waalimu wetu mlikumbuke neno hili mnapoona vijana wamewaka kwa bidii. Furahini, lakini msiwapeleke barabarani bila mafundisho na maonyo, wala msiwazime. Wafungieni breki.

Safari ya kwanza tulimpeleka mama Kinondoni, kwenye kaburi la baba. Kaka aliendesha. Mimi nilipanda nyuma, mahali pa samaki na nazi, nami sikuona haya.

Mtaniuliza, Je, ndugu yako amerudi Mezani? Ningependa kuandika ndiyo, lakini nisiseme uongo katika gazeti la kanisa. Kaka hutuletea mama kanisani kila Jumapili kwa gari lile. Yeye hubaki nje, ameketi ndani ya gari, na kioo kimeshushwa. Jumapili moja, tulipokuwa tukigawa Chakula cha Bwana, nilitazama mlangoni nikaona ameshuka, amesimama karibu na kizingiti, kofia mkononi. Hakuingia. Injini iliyokwama husogea upana wa kidole. Nami sasa nimejifunza kungoja, na kutokutwaa nyundo.

Wapenzi, jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi waliobeba mizigo katika vita ya 1914 hata 1918. Wengi wao walikufa njiani, na majina yao hayakuandikwa. Sisi tukaao penye jina lao yatupasa kukumbuka agizo la Wagalatia 6:2 kuhusu kuchukuliana mizigo. Kila mmoja aende nyumbani, atazame uani kwake. Labda kuna ndugu aliyesimama miaka mingi, nawe ndiwe uliyeshika ufunguo wake. Tena ninyi waalimu, fungueni kitabu cha usharika, msome majina ambayo hayaonekani tena Mezani. Msiulize kwanza, Kwa nini huyu ameanguka? Ulizeni, Ni nani kati yetu aliyemkwaza? Kisha pandeni pantoni, mwende.

Bwana hakuuambia usharika wa Sardi kwamba amelitupa gari lake. Aliwaambia wayaimarishe yaliyosalia. Palipo na kitu kilichosalia, Fundi yupo, wala hakuchoka. Yeye mwenye funguo hafungui kwa nguvu. Huanza na kuyamwaga machafu.

Bwana atupe moyo wa toba na mikono ya subira. Amina.