Sadaka ya Baiskeli na Karatasi ya Majina



Imeenea desturi katika maofisi, mabenki na viwanda: wafanyakazi hukusanyika siku ya mapumziko, wakapanda baiskeli na kwenda masafa marefu pamoja, na kwa ajili ya mwendo huo hukusanywa fedha za kuwasaidia wagonjwa, mayatima au wanafunzi. Kabla ya siku hiyo kila mmoja hupewa karatasi, akawapitia jamaa zake na wenziwe kazini, na kila anayeahidi huandika jina lake na kiasi atakachotoa. Yamkini mwanao amekwisha kuileta karatasi hiyo nyumbani, na yamkini mzee wa nyumba ameuliza: "Mtu akitaka kutoa sadaka, si atoe tu? Baiskeli ya nini?"

Swali hilo si la kuchekwa. Lataka jawabu.

Tuitazame kwanza desturi yenyewe. Huko Uingereza, shirika la British Heart Foundation, linalogharimia utafiti wa maradhi ya moyo, kwa miaka mingi limeandaa mwendo wa baiskeli kutoka London hadi mji wa pwani wa Brighton, masafa ya maili 54, yaani kama kilomita 87. Karibu na mwisho upo mlima uitwao Ditchling Beacon, na wengi hushuka hapo wakazikokota baiskeli zao. Kwetu Tanzania, tangu mwaka 2002, wako wanaoupanda Mlima Kilimanjaro na wengine wanaouzunguka kwa baiskeli ili kuchangia vita dhidi ya UKIMWI. Na mwaka 2017 Waislamu wanane walitoka London kwa baiskeli kwenda Madina kwa nia ya Hija, huku wakiwakusanyia watu wa Syria fedha za matibabu. Basi jambo hili si la watu wengine tu. Na sisi tumo.

Ama kuhusu baiskeli, dini yetu haikuifunga sadaka katika mfuko. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka yake kila siku jua linapochomoza, na miongoni mwa sadaka hizo akataja kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake. Anayesimama njiani amrudishie mwenziwe mnyororo uliotoka, au amzibie pancha, hayuko mbali na mafundisho hayo. Jasho nalo lina thamani, likiwa na nia.

Wala haidhuru kwamba wenzetu kazini si wote Waislamu. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alihudhuria maagano ya Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, Makka, ambapo watu waliapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Baada ya Uislamu kuja alisema kwamba lau angeitwa tena kwa maagano kama yale, angeitika. Wema ni wema, na Mwislamu hachelei kushika ncha moja ya mzigo ikiwa ncha ya pili imeshikwa na jirani yake.

Kisha husemwa: "Lakini sadaka ni siri, huku kuna majina, fulana na picha." Ni kweli kwamba Suratul Baqara, aya ya 271, yatufundisha kuwa kudhihirisha sadaka ni vyema, na kuificha ukawapa mafakiri ni bora zaidi. Tazama basi: bora ni siri, lakini dhahiri nayo haikukatazwa. Walipofika Madina watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu na nguo zao duni, uso wa Mtume ulibadilika kwa huzuni. Akawahimiza Masahaba watoe, ijapokuwa nusu ya tende. Mtu mmoja wa Ansari akaja na mfuko uliokaribia kuushinda mkono wake, mbele ya watu wote. Wengine wakamfuata, hata vikasimama vichungu viwili vya vyakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'aa. Hapo ndipo aliposema kwamba anayeanzisha mwendo mwema hupata thawabu zake na mfano wa thawabu za wanaomfuata.

Basi kutoa hadharani kwafaa kunapofungua mikono ya wengine. Lakini pana hatari mbili, na hapa ndipo kwenye shina la maneno yetu.

Hatari ya kwanza ni riya, nayo twaijua. Mpanda baiskeli na ajiulize: lau picha isingepigwa, wala jina langu lisingebandikwa ubaoni, ningalikwenda? Akiona moyo wake unasita, asiuache wema. Na airekebishe nia yake, aendelee.

Hatari ya pili haisemwi sana, nayo ndiyo inayowaumiza wanyonge. Ni haya. Fikiri tarishi wa ofisi, tarehe 20 ya mwezi, mshahara umekwisha. Karatasi yamfikia, na aliyeishika ni mkubwa wake wa kazi. Juu kabisa pameandikwa shilingi 50,000, na chini yake kila mtu amejikaza. Tarishi aandika 5,000, nazo ndizo zilizokuwa za unga na mafuta ya taa. Je, huyu ametoa, au amenyang'anywa?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din kwamba mwombaji akijua kuwa mtu ampa kwa kumwonea haya yeye au waliohudhuria, na lau si haya asingempa, basi kuipokea mali ile ni haramu. Ubavu waweza kupigwa kwa fimbo, na moyo kwa fedheha. Wahenga wetu wamesema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mahali pasipo na moyo, hata kilomita 87 za jasho haziwezi kukisafisha kilichotolewa.

Utasema: "Tukiacha kuwabana watu, fedha zitapungua." Huenda zikapungua. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuambia kwamba dirhamu moja iliwahi kuzitangulia dirhamu laki moja, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na mbili tu, akatoa moja kwa hiari yake. Mizani ya Mwenyezi Mungu si ya mhasibu wa ofisi.

Basi wanaoandaa mwendo kama huu na wafanye hivi. Michango itiwe katika bahasha au sanduku, kiasi kisiandikwe palipo wazi. Mkubwa asizunguke na karatasi miongoni mwa walio chini yake. Anayepanda aanze kutoa chake kabla hajamwomba mwingine. Gharama za fulana na chakula zijulikane mapema, zisije zikaila amana ya wagonjwa, na hesabu isomwe mbele ya wote. Na Adhuhuri ikiingia njiani, baiskeli zilazwe pembeni, watu waswali.

Nawe mzazi, mwanao akija na karatasi, usimfukuze kwa kejeli. Ukiwa nacho, mpe, kisha umuulize hivi: "Katika majina haya, yupo uliyemlazimisha kwa haya?" Akimkumbuka mmoja, na arudi kwake faraghani amwambie kwamba hana deni. Na ukiwa huna, sema huna bila ya kuinamisha uso, umwombee dua. Neno jema nalo ni sadaka.

Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu, na atuepushe na kuwasaidia wanyonge kwa kuwaumiza wanyonge wengine. Amin.