Upepo wa Kutosha



Jumamosi asubuhi hapa Tawa, Makueni, kabla jua halijakolea, fundi wa baiskeli hutandika gunia lake kando ya barabara na kupanga vyombo vyake vya kazi: spana, viraka, gundi, beseni la maji la kutafutia tundu la pancha, na pampu. Wateja wake wengi tunawajua. Yupo mwenye baiskeli ya Black Mamba iliyofungwa mitungi ya maji kwenye karia, na yupo mtoto aliyetumwa kuileta baiskeli ya babake. Jumamosi iliyopita alifika kijana mgeni, kofia ngumu kichwani, baiskeli yake nyepesi yenye usukani uliopinda kuelekea chini na tairi pana za meno madogo. Alikuwa anapanda vilima vya Mbooni hadi Kikima kwa njia za ndani, zile za murram zinazopita kando ya msitu, kisha ateremke tena. Akaomba ajaziwe upepo mpaka tairi ziwe ngumu kabisa.

Fundi akaibinya tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Mwana wa mwaitu, njia ya kule ni kokoto tupu. Ukijaza hivi, kila jiwe litakurusha. Punguza."

Kijana alipunguza, ingawa kwa shingo upande. Kwa kweli si rahisi kuamini jambo hilo. Mtu anayeiendea barabara mbaya hutaka kwenda akiwa amekaza kila kitu.

Ila fundi alisema kweli, na wanaoendesha baiskeli za changarawe kote duniani wanaijua kweli hiyo. Anayeshindana kwenye lami huweza kujaza upepo hadi pauni 80 au 100 kwa inchi ya mraba. Kwenye changarawe wengi hushuka hadi 30 au 40, kutegemea upana wa tairi na uzito wa mtu. Tairi ngumu ikigonga jiwe huruka, na ikiwa hewani haishiki chochote. Breki hazina kazi, usukani hauna kazi. Tairi iliyolegezwa kidogo hulikumbatia jiwe lile, ikabonyea, ikapita, na muda wote huo haijaiachia ardhi.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Wengi wetu tulifundishwa, si kwa maneno bali kwa maisha, kwamba dawa ya kuumizwa ni kukaza moyo. Mtu akishasemwa vibaya na shemeji, akishanyimwa haki na ndugu, akishadanganywa na aliyemwamini, anajijaza upepo mpaka pomoni. Anajiambia kwamba sasa hakuna atakayemgusa. Baadaye hushangaa kuona kila kitu kinamrusha: salamu iliyocheleweshwa, utani mdogo kwenye harusi, ujumbe wa simu ambao haukujibiwa. Je, umewahi kujiuliza, mpendwa, kwa nini vijiwe vidogo vinakutikisa kuliko zamani? Huenda barabara haijabadilika.

Kusamehe, nionavyo mimi, huanzia kwenye valvu hiyo ndogo. Hatungoji barabara isafishwe kwanza. Tunaacha upepo kidogo utoke, ili tuweze kupita juu ya kosa la mwenzetu bila kumwachia mkono.

Hata hivyo, usinielewe vibaya. Fundi yule yule, baada ya kijana kuondoka, alimhudumia mwenye mitungi. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, bado hujaihesabu baiskeli yenyewe. Huyo hakuambiwa apunguze. Alijaziwa barabara, kwa sababu tairi laini chini ya mzigo kama ule hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa chuma, na tyubu hukatika pande mbili kwa mara moja. Kila mmoja alipewa upepo wa kumtosha.

Ninasema haya kwa sababu wapo miongoni mwetu waliobebeshwa mizigo ambayo sisi wachungaji hatuioni. Yupo mama anayepigwa nyumbani, naye anaambiwa na watu wa kanisani, tena kwa sauti ya upole, alainike zaidi. Mpendwa, kama ni wewe, sikuambii hivyo. Kusamehe hakukuondolei haki ya kwenda mahali penye usalama, wala ya kumwita chifu. Na sisi wengine tusiwe wepesi kubinya tairi ya mtu kwa kidole chetu na kumhukumu kuwa ana moyo mgumu, kabla hatujatazama karia yake.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Yakobo anarudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kumkimbia Esau, ndugu ambaye yeye Yakobo alimdhulumu. Anaogopa, na ana sababu. Esau anakuja na watu 400. Kisha, kinyume cha yote tuliyotarajia, Esau anakimbia kumkumbatia, na wote wawili wanalia. Mara nyingi mahubiri yetu huishia hapo, kwenye machozi. Mimi huvutiwa na kinachofuata. Esau anapendekeza wafuatane. Yakobo anakataa kwa heshima: watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, ikiharakishwa hata siku moja itakufa. Anaahidi kumfuata polepole hadi Seiri, anakoishi Esau, kwa mwendo wa watoto. Na hatimaye haendi Seiri kabisa, anageukia Sukothi na kujenga huko.

Wako wanaomlaumu kwa kutotimiza alilosema. Labda wana haki. Lakini mimi naona ndugu wawili waliopatana kweli, ambao bado hawakuwa tayari kuishi boma moja. Sura mbili baadaye Isaka anafariki, na Maandiko yanatuambia kwamba waliomzika ni Esau na Yakobo, pamoja. Hapana shaka katikati palikuwa na miaka ambayo hatukusimuliwa. Je, hilo halitoshi kuitwa upendo? Kuna mapatano ya kurudi kula sahani moja, na kuna mapatano ya kuweza kusimama upande huu na upande ule wa kaburi la baba bila chuki. Mungu huyaheshimu yote mawili.

Ule mwendo wa watoto unanikumbusha mtu mmoja wa mchezo huu wa changarawe. Sule Kangangi alikuwa Mkenya, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika mbio za Tour du Rwanda, na aliwahi kuendesha katika timu ya Kijerumani ya Bike Aid. Angeweza kuitunza njia yake peke yake. Badala yake alitumia nguvu nyingi kuwafungulia wenzake wa Afrika Mashariki mlango wa mashindano ya dunia, na alikuwa karibu sana na mbio za Migration Gravel Race, zilizoanza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki akiwa na umri wa miaka 33. Sitaki kukigeuza kifo cha mtu kuwa mfano wa mahubiri. Aliacha mke na watoto, na hilo ni lao. Ninachokishika ni kazi yake akiwa hai. Wenzake wameiendeleza, na vijana wanaendesha leo kwa sababu mwenye mbio alikubali kuwangojea wasiokuwa nazo.

Nani anakungoja wewe? Na nani unayemwacha nyuma kwa sababu mwendo wake unakuudhi?

Kijana wetu, akipanda kutoka Tawa, aliyaona matuta ya mashamba yamepangana kutoka bondeni hadi karibu na msitu. Sidhani alijua anatazama nini. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Ukambani imekwisha, udongo umechukuliwa na maji. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu ile Machakos ya zamani, ambayo ilikuwa pamoja na Makueni yetu, wakaonyesha kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua. Matuta yale ya fanya juu yalichimbwa kwa jembe na sururu, mengi kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kikundi cha mwethya hakifanyi kazi kama wanachama hawasemezani. Basi huenda tuta unaloliona limepitia, mahali fulani, asubuhi ambayo watu wawili waliokuwa na kinyongo walishika majembe wakasimama mstari mmoja.

Wahenga walituambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime. Hapa kwetu ugomvi wenyewe mara nyingi umeanzia kwenye jembe: huyu kausogeza mpaka, yule kayaelekeza maji ya mtaro kwenye mihindi ya kakake. Nimeketi katika vikao vya namna hiyo, muthokoi ukipoa kwenye sufuria, na karibu kila mara maji yanayozungumzwa ni ya mvua iliyonyesha miaka mingi iliyopita. Kinachobaki ni ugumu.

Kwa hiyo wiki hii sikuombi jambo kubwa. Yawezekana kuna mtu mmoja ambaye jina lake limekujia tangu ulipoanza kusoma. Usipange hotuba. Usimtumie ujumbe mrefu wa usiku wenye aya tano za nani alianza. Mkikutana njiani, mtangulie kwa salamu, umwulize hali ya mama. Shamba na mpaka vina wazee wake, na vinaweza kungoja kikao cha mwezi ujao. Kesho, ukimkuta tena, msalimie tena, hata kama jana alijibu nusu. Ukiona bado huwezi, mwambie Mungu hivyo hivyo, kwa lugha yako, naye hatakusukuma kama mifugo ile iliyokuwa ikinyonyesha.

Mvua za vuli, ambazo sisi huzitegemea kuliko za masika, huanza Oktoba. Maji yatashuka tena kwenye mtaro ule ule, na lazima mtu auzibue kabla hayajafika. Itakuwaje safari hii ukimpigia simu, mwende wote wawili?