Jibu la Nani Katika Daftari?

Wako wazazi wema, wasiovumilia uongo nyumbani mwao, ambao huutenda uongo mmoja jioni baada ya jioni wala hawautambui. Mtoto wa darasa la pili ameketi na daftari lake la hesabu. Ametakiwa kutoa 17 katika 42. Amekwama, na macho yamejaa usingizi. Baba amwonea huruma, ashika kalamu, aandika 25. Kesho mwalimu ataweka alama ya vema. Je, yuko aliyedhulumiwa?

Yuko. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja. Daftari ndilo limsemealo mtoto. Na mtoto aliyeachiwa kalamu yake mara nyingi angeandika 35. Ameona 7 haitoki katika 2, basi amegeuza: ametoa 2 katika 7, kisha 1 katika 4. Kosa hilo lina akili ndani yake! Lamwonyesha mwalimu waziwazi kwamba mtoto huyu hajajua kukopa kumi moja na kulivunja liwe mamoja kumi. Jibu la baba, ingawa ni sahihi, halimwambii mwalimu neno lolote, ila lamdanganya. Naye mtoto amefundishwa kwamba kutojua ni aibu ya kufichwa.

Jirani zetu wa Kenya walipoanza mtaala mpya katika madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi walitakiwa kushiriki katika kazi za watoto wao. Haukupita muda mrefu yakasikika malalamiko kwamba kazi ya mtoto imegeuka kuwa kazi ya mzazi. Kushiriki si kutenda badala yake.

Wengine husema: mimi sikusoma, nitamsaidiaje? Twaona kwamba huyo pengine ana nafasi njema kuliko msomi, maana hana jibu la kumpa. Na achukue vijiti, amwambie mtoto afunge mafungu manne ya kumi kumi, na viwili viwe peke yake. Sasa amwombe vijiti kumi na saba. Mtoto atatoa fungu moja, kisha atahangaika, mpaka mwenyewe aone kwamba hana budi kulifungua fungu jingine. Lugha yetu nayo yasaidia: kumi na saba ni kumi, na saba, hakuna kilichofichika. Arobaini, neno tulilolipata kwa Waarabu, halisemi kwamba ni makumi manne. Vijiti ndivyo vitakavyolisema.

Na kama usiku umekuwa mkubwa, na hesabu bado imekataa? Daftari lifungwe, mtoto akalale. Mzazi ajuaye kuandika aandike pembeni: ameishia hapa. Asiyejua, amtume mtoto akamweleze mwalimu hivyo kwa kinywa chake mwenyewe.