Aliyeona Akanyamaza

Nilipomaliza kidato cha sita Iringa, kila mtu aliniuliza nataka kusomea nini. Nikajibu: altrasaundi. Mjomba akacheka, "Eti kupiga picha matumbo!" Nikamwambia, mjomba, ile si kamera, ni mwangwi. Mashine hutuma sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, sikio la mtu haliipati. Sauti hiyo hugonga nyama na mfupa, ikarudi, na mwangwi wake ukachorwa kwenye skrini. Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangaza kazi hiyo mwaka 1958. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani siku niliyomsindikiza dada yangu kupimwa Mbeya. Mpimaji alikuwa mchangamfu, akitutania. Akapaka jeli, akazungusha kifaa. Ghafla akanyamaza.

"Mtoto mzima, kaka?"

"Daktari atakueleza, mama." Akamfuta tumbo, akaita, "Mwingine!"

Tulikaa kwenye benchi masaa matatu. Dada hakulia. Alisema tu, "Uso wake umeshanieleza." Daktari alipokuja alithibitisha: moyo wa mtoto ulikuwa umesimama.

Hebu tujiulize, yule bwana alikosea? Kumwachia daktari majibu kuna maana yake. Anayepima anaweza kukosea, na neno la haraka linaweza kumtia mtu hofu ya bure. Hapo namtetea. Lakini kufunga mdomo si kutosema. Macho yake yalisema, na lile "Mwingine!" likasema zaidi. Kati ya kutoboa siri na kumtupa mtu ipo njia ya tatu: "Mama, kuna jambo nataka daktari aliangalie sasa hivi. Twende wote." Hayo si majibu, wala si uongo.

Mtaniambia foleni ni ndefu. Kweli, na mimi sijawahi kuikabili. Ndiyo maana najiuliza mapema.

Jana nilipanda Gangilonga, lile jiwe la hapa Iringa ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Nilikuwa na fomu ya chuo mfukoni. Imeniuliza alama za fizikia, kemia na baiolojia. Haikuuliza kama naweza kukaa na mtu anayengoja.

Nimeijaza hata hivyo.