Kufumbata na Kukunjua

Katika mazishi ya mjomba wangu, mwaka juzi, nilishuka kaburini pamoja na wawili wengine kuupokea mwili wake, kwa ile desturi yetu kwamba walio karibu kwa nasaba ndio watanguliao kutia mkono; na mjomba, ambaye katika uhai wake hakuwa mtu wa umbo kubwa, alikuwa mzito kama awavyo mzito kila aliyeachwa na roho yake. Nikaufumbata mkunjo wa sanda upande wa kichwani, nikainama kuelekea mwanandani, na kabla sijafika nikahisi vidole vyangu vinafunguka kimoja baada ya kimoja, bila ya mimi kuvipa idhini. Kijana aliyekuwa ubavuni pangu akawahi kuipitisha mikono yake chini ya mabega ya maiti, akamlaza kwa upole, wala hapana hata mmoja katika waliosimama juu aliyetambua lililotokea. Mimi nalitambua. Nalikuwa na umri wa miaka 47, na mkono ulioshika kalamu ya ukarani kwa miaka 20 na zaidi ulikuwa umeshindwa, kwa muda usiozidi pumzi 3, kumshika mtu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Baada ya arubaini ya marehemu nikaanza kuufunza mkono. Nilijaza ndoo mchanga wa pwani, nikawa nautumbukiza mkono humo na kuufumbata mchanga kwa nguvu mpaka vidole vichoke; nikawa nabeba madumu mawili, kwanza yakiwa nusu na baadaye yakiwa yamejaa lita zake 20, moja kila mkono, kutoka kisimani hadi ukuta wa mwisho wa uwanja na kurudi; na alasiri, kabla ya magharibi kuingia, nikawa naning'inia katika boriti ya kibanda cha nyuma, siku ya kwanza kwa hesabu ya 9 tu. Sikukusudia kushindana na mtu. Nalikusudia kwamba nitakapoitwa tena kaburini nisiwe mtu wa kusaidiwa katika kile nilichokwenda kukisaidia.

Habari hizi zikamfikia maalim wangu, aliyenisomesha juzuu tangu nikiwa na miaka 6 na ambaye leo ni mzee wa kuongozwa njia. Nilipokwenda kumjulia hali, aliketi barazani na bakora yake imelazwa mapajani.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa siku hizi unaning'inia katika boriti."

"Ni kweli, maalim."

Akanyamaza kitambo, kisha akanikumbusha Sura ya Rum, pale Mola abainishapo kwamba amemuumba mwanadamu katika udhaifu, na baada ya udhaifu akamjaalia nguvu, na baada ya nguvu akamjaalia udhaifu na mvi. "Sasa wewe," akasema, "umesimama mlangoni pa udhaifu wa pili. Wataka kurudi wapi? Kanitafutie jawabu."

Hakuuliza kwa kunikejeli. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza chuoni, pale mwanafunzi alipoisoma aya kwa ulimi mwepesi na yeye akataka kujua kama imefika moyoni. Nikaondoka na swali hilo, na kwa miezi kadhaa nikawa nalo ndani ya ndoo ya mchanga.

Jambo la kwanza lililonidhihirikia ni kwamba aya ile inatupa habari ya safari, wala haikutuamrisha kuzikimbilia hatua zake. Usiku nao umekadiriwa, na hapana mwenye akili afungaye madirisha yake adhuhuri kwa hoja kwamba jua litakuchwa. Waganga wa leo wanasema kwamba baada ya miaka 30 nyama ya mwili hupungua kwa asilimia 3 hadi 8 katika kila miaka 10, na nguvu ya kushika, ambayo kwa watu wengi hufikia kilele baina ya miaka 25 na 40, huanza kuteremka taratibu baada ya hapo. Hiyo ndiyo kadari, nami nairidhia. Lakini mwaka 1990 ulitangazwa utafiti uliofanywa Boston, Marekani, katika makao ya wazee, ambamo wazee 10 wenye umri wa miaka 90 au karibu nayo walitiwa katika mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma 8, na wale waliomaliza wakaonekana kuwa nguvu za miguu yao zimeongezeka, kwa wastani, kwa asilimia 174. Watu wale hawakurudishiwa ujana wao, na wala hapana aliyedai hivyo. Walirudishiwa kile ambacho umri haukuwa umekichukua. Kilichokichukua ni kukaa kitini. Basi nikaogopa, kwani nilitambua ni mara ngapi katika maisha yangu nimelibandika jina la kadari juu ya jambo lililokuwa zao la uvivu wangu mwenyewe, nikamsingizia Mola hata katika unyonge nilioutengeneza kwa mkono wangu.

Watu wengi, wakifika katika maneno haya, hukimbilia hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, isemayo kwa maana kwamba muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi mbele ya Mungu kuliko muumini dhaifu, ingawa katika kila mmoja mna kheri. Mimi sipendi kuitumia kwa wepesi. Imamu Nawawi, alipoisherehesha, alizieleza nguvu hizo kuwa ni za azma ya nafsi katika mambo ya akhera, na hapo muumini aliyepooza kitandani aweza kumpita kwa mbali mbebaji wa magunia gatini. Hoja ya mkono wangu haikutaka kusimama juu ya hadithi hiyo. Ilinitosha amana: kwamba kiungo nilichopewa si changu, na kwamba mwenye mali akija kuitazama mali yake hatauliza kama imechakaa, maana yeye ndiye aliyeijaalia ichakae, atauliza kama nimeitunza.

Amma juu ya mkono hasa, mbali na viungo vingine, liko jambo la kustaajabisha. Mwaka 2015, katika jarida la matabibu liitwalo The Lancet, yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu wapatao 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwamo, waliopimwa nguvu za kufumbata kwa chombo kidogo cha mkononi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 4 hivi. Ikaonekana kwamba kwa kila kilo 5 za upungufu wa nguvu hizo, hatari ya kufariki ilizidi kwa asilimia 16, na kwamba kipimo hicho cha ndururu kilibashiri mauti kwa usahihi zaidi ya kipimo cha shinikizo la damu. Nilipoisoma habari hiyo nikaikumbuka Sura ya Yasini, ile tuisomayo kwa wagonjwa na wafu wetu, na humo imetajwa siku ambayo vinywa vitatiwa muhuri na mikono ndiyo itakayosema. Mkono ni shahidi, basi, hata kabla ya siku hiyo. Hueleza habari za mwili mzima: moyo, mishipa, chakula, usingizi, na miaka iliyopitishwa bila ya kubeba kitu.

Lakini shahidi si hakimu. Mtu asidhani kwamba kwa kukamua chuma chenye springi usiku na mchana ataisogeza ajali yake mbele hata kwa saa moja. Dalili ni dalili, na anayemfundisha shahidi maneno mazuri hajaibadilisha kesi. Aliye na mkono hodari, aghalabu, ni hodari kwa kuwa mwili wote umekuwa ukitumika. Bibi zetu hawakujua mazoezi ya mkono, ila walikuna nazi kila siku ya Mungu na kuikamua katika kifumbu mpaka chicha libaki kavu. Na waliokuwa wakisokota kamba za makumbi walikuwa na viganja ambavyo mtoto akishikwa navyo hakufikiri kukimbia. Nguvu hizo ziliwajia ndani ya kazi, bila ya kuzitafuta. Sisi tulioondolewa katika kazi hizo, na sisemi kuwa ni vibaya kuondolewa, imetupasa kuzitafuta kwa nia. Na labda humo mna fadhila yake. Mtoto mchanga ukimtia kidole kiganjani hukishika barabara, naye hajui anachoshika. Mshiko huo humwondoka afikapo miezi 5 au 6, na baadaye hujifunza kushika upya, safari hii kwa kutaka. Aanzaye katika utu uzima anajifunza kwa mara ya tatu, na mara hii anajua kwa nini.

Na lugha yetu yenyewe imelijua jambo hili zamani. Mtu aliye mcha Mungu tunamwita aliyeshika dini. Mwanafunzi ambaye somo limemkaa tunasema ameshika, na ambaye halimkai, hashiki. Hata salamu niliyompa maalim, shikamoo, ni mabaki ya maneno ya kushika miguu ya mkubwa. Na Zeno, yule mwanafalsafa aliyefundisha Athens karne 3 kabla ya Nabii Isa, amesimuliwa na Cicero kwamba alikuwa akiwaonyesha wanafunzi kiganja kilichokunjuka na kusema kwamba hivyo ndivyo lilivyo jambo linapotujia. Akavikunja vidole kidogo, ndiyo kukubali. Akafumba ngumi, ndiyo kufahamu. Kisha akaishika ngumi ile kwa mkono wa pili, akasema kwamba hiyo ndiyo elimu, na ni mwenye hekima peke yake aliye nayo. Napenda sana mfano huu, ingawa naona una upungufu mmoja, nao ni kwamba unaishia katika ngumi.

Upungufu huo nalifunzwa na maumivu. Katika mwezi wa nne, kwa kuwa niliona nguvu zinakuja, nikaacha siku za kupumzika, nikawa nafumbata kila siku, na mara nikaanza kuhisi maumivu upande wa nje wa kiwiko, hata kuinua birika ikawa taabu. Mtaalamu wa viungo aliyenitazama akanieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba misuli ikunjayo vidole kwa nguvu haimo vidolini, imo katika kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zipitazo katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Na kano, kwa kuwa hazipati damu nyingi kama nyama, hukua polepole, miezi nyuma ya misuli, na katika umri wangu polepole zaidi. La pili ndilo lililonishika. Alinitaka nifumbe ngumi huku nimeuweka mkono wa pili juu ya kigasha, nami nikahisi wazi kwamba misuli ya upande wa juu, ile iliyo ya jamii ya kukunjua, nayo imekaza, maana bila ya hiyo kifundo kingelegea na ngumi isingekuwa na nguvu yoyote. "Umefundisha kufunga," akaniambia, "hukufundisha kufungua." Akanipa utepe wa mpira, niuvishe vidoleni na kuvitanua, mara nyingi kama nivikunjavyo.

Katika majina ya Mwenyezi Mungu mna Al-Qabidh na Al-Basit, Mwenye kufumbata na Mwenye kukunjua, na wanazuoni wamependelea kwamba majina hayo mawili yatajwe pamoja, lisitajwe la kwanza likaachwa la pili. Nalikuwa nimeyasoma pamoja tangu utotoni, kwa mazoea ya ulimi. Sikujua kwamba siku moja nitayaelewa kwa kiwiko. Na Kurani, katika Sura ya Bani Israili, imekataza mambo mawili kwa pamoja: mkono uliofungwa shingoni, ambao ni ubahili, na mkono uliokunjuliwa wote, ambao humwacha mtu ameketi katika majuto. Nasi twamsema bahili kuwa ana mkono wa birika, na mwema tunamwita mkunjufu, yaani aliyekunjuka. Lakini yule kijana wa kaburini amenifunza tofauti ambayo neno mkunjufu halikuieleza: vidole vyangu navyo vilikunjuka siku ile, wala hakukuwa na ukarimu wowote ndani yake. Kukunjua kwa mkono uwezao kufumbata ni tendo la mtu. Kukunjuka kwa mkono usioweza si tendo la yeyote. Na nahofu kwamba mengi tuyaitayo utu uzima, yale ya kuacha, kusamehe, kutotaka tena, yamo katika aina ya pili, nasi twajihisabia thawabu zake.

Hayo ndiyo niliyompelekea maalim. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nikasome tena Sura ya Ahqaf, pale panapotajwa mtu aliyefikia miaka 40, akimwomba Mola amwezeshe kushukuru. Nikasema naijua, maalim. "Aya haikuanzia hapo," akasema. Nikaenda kuitazama, na kweli, kabla ya miaka 40 ametajwa mama, aliyembeba kwa taabu na kumzaa kwa taabu, na miezi 30 ya kubeba na kunyonyesha.

Mama yangu yu hai, ana miaka 81, na nyumba yetu ina ngazi za mawe za zamani, madaraja 14, yasiyolingana kimo. Jioni ile alitaka kushuka kwenda kuketi uani. Nikampa mkono, naye akaushika kwa vidole ambavyo miaka yote vilikamua tui letu, na ambavyo sasa vilikuwa vyepesi kama vya mtoto. Nami nikamshika, kwa nguvu nilizokuwa nimezikusanya mwaka mzima.

"Nishike, mwanangu," akasema, "lakini usinibane."

Nikalegeza kidogo, tukashuka daraja la pili.