Ustadh, usijibu swali la dawa



Ndugu zangu Waislamu, leo nataka kwanza kujikosoa mwenyewe, kisha ndipo niwausie wenzangu.

Mimi nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Ngara. Ramadhani moja, baada ya darsa ya alasiri, mzee mmoja wa msikitini kwetu alinivuta pembeni. Ana kisukari. Akaniuliza: "Ustadh, vidonge vyangu nameza asubuhi na jioni. Sasa nifunge vipi?" Nami, bila kuuliza ni dawa gani, nikamjibu kwa kujiamini: "Mzee wangu, hilo jambo dogo. Cha asubuhi meza wakati wa daku, cha jioni meza ukishafuturu." Akanishukuru na kuniombea dua.

Siku ya tatu, magharibi ikikaribia, alianguka. Jasho linamtoka, mwili unatetemeka, maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alhamdulillah, aliwahishwa hospitali akapona. Tabibu alimuuliza: "Nani alikubadilishia saa za dawa?" Mzee akanyamaza. Nilikuwa nimesimama pale pale, naye akanisitiri.

Nilikuwa nimejibu swali la tiba kwa elimu ya fiqhi. Kidonge kile kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na hufanya hivyo kwa saa nyingi. Siku za kawaida kilikutana na chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Mimi nilikipeleka kwenye saa zaidi ya kumi na mbili za tumbo tupu.

Baadaye nilisafiri kwenda Biharamulo kwa ndugu yangu ambaye ni tabibu, nikamwomba anifundishe. Alinieleza kwamba dawa ikimezwa hupanda katika damu, hufika kilele, kisha hushuka kadiri ini linavyoivunja na figo zinavyoitoa. Daktari anapoandika "kutwa mara mbili", anakusudia kiwango kisishuke hadi ugonjwa ukapata nafasi, wala kisipande hadi kikadhuru.

Kisha akaniambia nisilolijua kabisa: viungo vyenyewe vina saa zake. Usiku tumbo husukuma chakula polepole zaidi kuliko asubuhi, na figo huchuja kidogo kuliko mchana. Shinikizo la damu hushuka tukilala na kupanda tunapoamka. Wenye pumu wanajua kifua kinavyobana saa za mwisho wa usiku. Ini hutengeneza lehemu zaidi usiku, ndiyo maana dawa ya lehemu iitwayo simvastatini humezwa usiku. Predinisoloni kwa kawaida hutolewa asubuhi, kwa sababu homoni ya mwili inayofanana nayo nayo hupanda wakati huo. Na tunapohamisha saa za kula na kulala, kama tufanyavyo Ramadhani, saa hiyo ya mwili nayo huyumba.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Muislamu hapati tabu kulikubali hilo. Katika Suratun-Nabaa Allah (s.w.) ametukumbusha kuwa ameufanya usiku uwe wa kutusitiri na mchana uwe wa kutafuta maisha.

Lakini tusivuke mpaka. Si kila dawa ina saa yake maalumu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 21,000 wa shinikizo la damu, haukuona tofauti ya kinga ya moyo kati ya waliomeza dawa asubuhi na waliomeza jioni. Kila dawa ina hukumu yake, na hukumu hiyo si mimi wa kuitoa.

Chukueni mfano wa malaria, ambayo wilaya zetu hizi zinaijua vizuri. Dozi ya pili ya dawa ya mseto humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Tena humezwa pamoja na chakula, hasa chenye mafuta, kwani tumboni mtupu sehemu kubwa ya dawa haiingii katika damu. Mgonjwa anayeruka dozi ya mchana ili asifungue anaisaidia malaria.

Sisi wa Ngara tuna somo la karibu zaidi. Redio ya Dar es Salaam ikitoa adhana ya magharibi, huku kwetu jua bado lipo kwa nusu saa hivi. Hakuna anayefuturu kwa jua la Dar es Salaam. Basi kwa nini tumeze dawa kwa saa ya jirani?

Allah (s.w.) katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Asiyetarajia kupona hulisha masikini. Hiyo ni rehema, na kuikataa si uchamungu.

Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwakemea vikali kwamba wamemuua, na akafundisha kuwa asiyejua tiba yake ni kuuliza. Kila nikiisoma hadithi hii namuona mzee wangu.

Basi ndugu yangu mgonjwa, nenda hospitali mapema, katika Shaabani, ukiwa na dawa zako mkononi. Uliza: naweza kufunga? Saa zipi? Nikiona dalili gani nifungue? Nanyi maimamu na walimu wenzangu, mwiteni tabibu azungumze msikitini kabla ya Ramadhani, na mkiulizwa swali la dawa semeni: "Sijui, twende tukaulize."

Mzee wangu sasa hafungi, analisha masikini. Bado anakaa safu ya mbele kwenye darsa, na bado ananiuliza maswali. Nami siku hizi mengine namjibu, mengine nafuatana naye hadi hospitali.